Uthabiti wa Saa za Atomi na Jinsi Unavyolinganishwa

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, saa ikisifiwa husemwa kuwa ni sahihi. Sifa hiyo moja hutosha sokoni, msikitini na hata katika ukumbi wa mihadhara. Haitoshi katika maabara za kupimia wakati. Huko sifa za saa ni mbili, na aghalabu saa inayoongoza kwa sifa moja hushindwa kwa nyingine. Ya kwanza ni usahihi, yaani ukaribu wa mwendo wa saa na kipimo kilichokubaliwa na wote. Ya pili ni uthabiti, yaani uwezo wa saa kushikilia mwendo ule ule, uwe umelingana na kipimo hicho au la. Mhadhiri afikaye darasani dakika kumi baada ya wakati, kila siku bila kukosa, ni thabiti ingawa si sahihi. Wanafunzi wake wanajua barabara waingie lini. Mwenzake ambaye leo hutangulia kwa dakika tano na kesho huchelewa kwa dakika tano, wastani wake ni sahihi kabisa, lakini hakuna awezaye kupanga siku yake kwa kumtegemea.

Makala haya yanashughulikia sifa hiyo ya pili: jinsi uthabiti wa saa za atomi unavyopimwa, na jinsi saa moja inavyolinganishwa na nyingine. Swali linaloufanya mjadala huu uwe mgumu ni jepesi kulitamka. Saa mbovu hupimwa kwa saa nzuri. Je, saa iliyo bora kuliko zote duniani hupimwa kwa nini?

Marudio, wala si masafa

Kabla ya kuendelea, inafaa kulitazama neno moja. Watangazaji wa redio husema kwamba kituo fulani kinapatikana katika masafa fulani, na matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, masafa kwa asili ni umbali, na katika mjadala wa fizikia ambamo umbali na idadi ya mitetemo hutajwa katika sentensi moja, neno hilo huzua utata usio na sababu. Humu litatumika neno marudio. Linafaa zaidi kwa kuwa linaeleza hasa kinachotendeka. Saa yoyote, iwe ya ukutani au ya maabara, ina sehemu mbili: kitu kinachorudia tendo moja tena na tena, na kitu kinachohesabu marudio hayo. Katika saa za zamani kinachorudia ni timazi inayoning'inia na kubembea. Katika saa ya mkononi ni kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Katika saa ya atomi ni wimbi linalorekebishwa na atomi zenyewe.

Atomi ya sesiamu-133 ina hali mbili za nishati zilizokaribiana sana. Ikikutana na wimbi la redio lenye marudio 9,192,631,770 kwa sekunde, hutoka katika hali moja na kuingia katika nyingine. Wimbi likizidi au likipungua kidogo tu, atomi zinazoitikia hupungua. Kwa hiyo ndani ya saa mna kwatzi inayotoa wimbi, na mna atomi zinazoulizwa, mara baada ya mara, kama wimbi hilo limepotoka. Zikijibu kwamba limepotoka, kwatzi hurekebishwa. Saa ya kwanza ya sesiamu iliyofanya kazi ya kutegemewa ilijengwa na Louis Essen na Jack Parry mwaka 1955 katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza huko Teddington. Mwaka 1967 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliacha kuieleza sekunde kwa mwendo wa dunia, ukaieleza kwa idadi hiyo ya marudio ya sesiamu. Tangu hapo sesiamu imekuwa kipimo chenyewe.

Tatizo la wastani wa kawaida

Mtu aliyesoma takwimu kidogo atasema kwamba kuupima uthabiti ni jambo rahisi: pima mwendo wa saa kila siku, tafuta wastani, kisha tafuta jinsi vipimo vinavyochepuka kutoka katika wastani huo. Mchepuko mdogo ni dalili ya saa thabiti. Kwa mintarafu ya saa, njia hii hudanganya, na ni vyema kuona inavyodanganya kwa mfano wa kubuni.

Chukua saa mbili, ya kwanza na ya pili, zinazolinganishwa na saa nyingine bora zaidi kwa siku tano. Saa ya kwanza inatangulia kwa nanosekunde 5, 7, 6, 8 na 7 katika siku hizo kwa mfuatano. (Nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja; nuru husafiri sentimita 30 hivi katika muda huo.) Saa ya pili inatangulia kwa nanosekunde 40, 41, 42, 43 na 44. Mchepuko wa kawaida wa saa ya kwanza ni nanosekunde 1.14, na wa saa ya pili ni 1.58. Kwa hesabu hiyo ya kwanza ndiyo thabiti zaidi. Lakini mtazame saa ya pili tena. Haiyumbi hata kidogo. Inakengeuka kwa nanosekunde moja kila siku, kwa utaratibu usiobadilika. Ikiendelea hivyo kwa siku 100, mchepuko wake wa kawaida utafika nanosekunde 29, na ukizidi kuipima utazidi kukua bila kikomo. Saa haikuwa mbaya zaidi; ni mpimaji aliyezidi kuitazama. Kipimo kinachobadilika kwa sababu mpimaji alikuwa na subira hakifai kuitwa sifa ya saa.

Si kukengeuka peke yake kunakoleta shida hiyo. Mwendo wa saa huathiriwa na kelele za namna nyingi. (Kelele hapa ni mabadiliko yasiyotabirika, si sauti.) Kuna kelele zinazofutana zenyewe kwa wenyewe kadiri vipimo vinavyoongezeka. Nyingine hazifutani, mwendo wa saa hutangatanga kama mlevi anayerudi nyumbani, kila hatua ikianzia pale iliyotangulia ilipoishia. Kwa kelele za aina hii hakuna wastani wa kudumu, na kutafuta mchepuko kutoka katika wastani usiokuwapo ni kazi bure.

Jibu lililokubaliwa lilitolewa na David W. Allan, mwanafizikia wa maabara ya viwango ya Marekani mjini Boulder, Colorado, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1966. Badala ya kulinganisha kila kipimo na wastani wa vyote, Allan alikilinganisha kila kipimo na kile kilichokitangulia. Tofauti za jirani na jirani hupandishwa kipeo cha pili, hutafutwa wastani wake, na wastani huo hugawanywa kwa mbili. Matokeo huitwa variansi ya Allan, na kipeuo chake cha pili huitwa mchepuko wa Allan.

Turejee kwenye mfano. Tofauti za jirani katika saa ya kwanza ni 2, -1, 2 na -1. Vipeo vyake vya pili ni 4, 1, 4 na 1, wastani wake ni 2.5, na nusu yake ni 1.25, mchepuko wa Allan ni nanosekunde 1.12 kwa siku. Katika saa ya pili tofauti zote ni 1, nusu ya wastani ni 0.5, na mchepuko ni nanosekunde 0.71. Hukumu imegeuka: kwa muda wa siku moja, saa ya pili ndiyo thabiti zaidi, ijapokuwa iko mbali zaidi na ukweli. Kwa kuwa siku ina sekunde 86,400, mchepuko wa saa ya kwanza ukigawanywa kwa idadi hiyo huwa takriban 1.3 × 10⁻¹⁴. Namba za namna hii ndizo lugha ya fani hii. 10⁻¹⁴ ni sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mara trilioni mia moja. (Vipimo vitano havitoshi kutolea hukumu yoyote ya haki, vimetumiwa hapa ili hesabu ionekane.)

Kila muda na bingwa wake

Maneno "kwa muda wa siku moja" hayakuwekwa kwa ajili ya pambo. Uthabiti usiotajiwa muda hauna maana. Tukiacha kupima kwa siku moja moja, tukachukua wastani wa siku kumi kumi, saa ya pili itakuwa imekengeuka kwa nanosekunde 10 kati ya fungu moja na jingine, na mchepuko wake wa Allan utakuwa 7.1. Saa ya kwanza, ikiwa kelele zake ni zile zinazofutana, itakuwa imeshuka hadi 0.35 hivi. Iliyoshindwa kwa siku moja sasa inashinda mara ishirini.

Ndiyo maana wataalamu hawatoi namba moja bali huchora mchoro. Muda wa kupima huwekwa kwenye mstari wa chini, kuanzia sekunde moja hadi miezi. Mchepuko huwekwa kwenye mstari wa wima. Mstari wa saa nyingi hushuka mwanzoni, kelele zinapofutana, kisha hulala bapa, na hatimaye huinuka kwa sababu ya kutangatanga au kukengeuka. Mtaalamu husoma umbo la mstari huo akatambua aina ya kelele. Ukishuka kwa kiasi cha nusu kila muda unapozidishwa mara nne, kelele ni zile nyepesi zinazofutana. Ukilala, hakuna faida tena ya kungoja.

Kwa mchoro huo tabia za saa mbalimbali hujitokeza. Saa ya rubidiamu ni ndogo na ya bei nafuu, huchukuliwa hata kwenye setilaiti, lakini baada ya siku chache huanza kukengeuka. Saa ya sesiamu ya kununuliwa, ile inayopatikana katika maabara nyingi za mataifa, huyumba sana katika sekunde za mwanzo, mchepuko wake ukiwa sehemu chache katika 10¹². Lakini kwa wiki na miezi haina mpinzani wa bei yake, kwani haikengeuki kwa kiasi kinachoonekana. Kinyume chake ni saa ya haidrojeni iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1960 na Norman Ramsey na wenzake, iitwayo maza. (Wanaoiita "meza" wataieleza kwa taabu mbele ya fundi seremala.) Katika sekunde moja mchepuko wake huwa karibu 10⁻¹³, na kwa siku moja hukaribia 10⁻¹⁵, lakini baadaye nayo hukengeuka. Anayeuliza ipi bora kati ya maza na sesiamu anapaswa kwanza kuulizwa: kwa muda gani? Maabara kubwa huzitumia zote, maza ikishikilia mwendo wa siku hadi siku, sesiamu ikiisahihisha kwa mwezi hadi mwezi.

Kusikiliza tofauti

Hata hivyo, mawimbi yanayorudia mara bilioni kadhaa kwa sekunde hulinganishwaje hadi kwenye tarakimu ya kumi na tano? Hakuna mashine inayohesabu kwa uangalifu wa kiasi hicho moja kwa moja. Mpiga udi anaijua mbinu yenyewe. Nyuzi za udi nyingi huenda mbili mbili, na kila jozi hutakiwa itoe sauti moja. Jozi ikiwa imekaribia kulingana lakini haijalingana, husikika mdundo wa polepole, sauti ikipanda na kushuka. Mdundo huo ni tofauti ya marudio ya nyuzi mbili. Kadiri zinavyokaribiana, mdundo huzidi kuwa mzito, hadi unapotoweka. Mpigaji hahitaji kujua kila uzi unatetemeka mara ngapi. Husikiliza tofauti tu. Katika maabara mawimbi ya saa mbili huchanganywa vivyo hivyo, na tofauti yao, ambayo inaweza kuwa ya marudio machache kwa sekunde, hupimwa kwa urahisi.

Lakini mdundo ukiyumba, nani aliyeyumba? Uzi wa kwanza au wa pili? Hapa ndipo swali la awali linaporudi. Kwa saa mbili peke yake hakuna jibu. Huweza tu kudhaniwa kwamba ziko sawa, na lawama kugawanywa nusu kwa nusu. Kwa saa tatu, zisizoathiriana, jibu lipo. Linganisha ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, ya pili na ya tatu. Tuseme variansi zilizopatikana ni 5, 10 na 13. Kila moja ya namba hizo ni jumla ya variansi za saa mbili. Ukijumlisha zile mbili zinazoihusu saa ya kwanza, 5 na 10, ukatoa 13, kisha ukagawa kwa mbili, unapata 1, ambayo ni variansi ya saa ya kwanza peke yake. Kwa njia hiyo hiyo ya pili hupata 4 na ya tatu hupata 9. Mashahidi watatu, kila mmoja asiyeaminika kikamilifu, wametoa ukweli wa kila mmoja wao bila kuwapo hakimu.

Njia hii ina sharti moja ambalo aghalabu husahauliwa. Saa zikiwa katika chumba kimoja, joto likapanda, zote tatu huyumba pamoja, na kuyumba kwa pamoja hakuonekani katika tofauti. Wakati mwingine hesabu hutoa variansi iliyo chini ya sifuri, jambo lisilowezekana kwa kipeo cha pili cha namba yoyote halisi. Si lazima mpimaji awe amekosea hesabu: huenda vipimo vyake ni vichache mno, au mashahidi walikuwa wamekula njama.

Kanuni ya kuzisikiliza saa nyingi kwa pamoja ndiyo msingi wa wakati wa dunia. Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliyoko Sèvres, karibu na Paris, hukusanya vipimo vya mamia ya saa kutoka maabara za nchi nyingi. Kila saa hupewa uzito kulingana na ilivyotabirika siku zilizopita, na kutokana nazo hufanywa saa moja ya karatasi ambayo haipo mahali popote. Maabara husomewa matokeo kila mwezi. Saa bora kuliko zote zinazoongoza shughuli za kila siku, kwa hiyo, ni hesabu iliyofanywa baada ya tukio.

Nuru na tatizo la subira

Kelele zinazofutana hufutana polepole. Ili mchepuko upungue mara kumi, muda wa kupima huzidishwa mara mia. Saa ya sesiamu ya chemchemi, ambamo atomi zilizopozwa kwa leza hurushwa juu na kuanguka, inaweza kuwa na mchepuko wa 10⁻¹³ kwa sekunde moja. Kufika 10⁻¹⁶ kutahitaji sekunde milioni moja, yaani siku kumi na mbili hivi. Hilo linavumilika. Kufika 10⁻¹⁸ kutahitaji sekunde bilioni kumi, ambazo ni zaidi ya miaka 300. Hakuna serikali itakayolipa mshahara wa mpimaji huyo.

Kutokana na kikwazo hicho macho yameelekezwa kwenye saa za nuru. Strontiamu huitikia nuru nyekundu yenye marudio takriban trilioni 429 kwa sekunde, zaidi ya mara 46,000 ya marudio ya sesiamu. Sekunde ikigawanywa vipande vidogo kiasi hicho, kosa la kipande kimoja huwa dogo vivyo hivyo. Hidetoshi Katori wa Tokyo alipendekeza mwaka 2001 kwamba maelfu ya atomi yashikwe katika wavu wa nuru ya leza na kuulizwa kwa pamoja. Wanaojibu wakiwa wengi, kelele hupungua upesi. Mwaka 2013 saa mbili za iterbiamu za aina hiyo zililinganishwa mjini Boulder, na baada ya saa saba mchepuko ulikuwa umeshuka hadi 1.6 × 10⁻¹⁸. Kazi ya karne tatu ilikuwa imefanywa kati ya asubuhi na alasiri.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka kuwa na uzito wa kisheria. Saa za nuru zimeipita sesiamu, lakini sekunde bado ni ya sesiamu. Saa ya nuru, hata ingawa ni thabiti zaidi, haiwezi kuitwa sahihi kuliko kipimo kinachoufafanua usahihi wenyewe. Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulihimiza maandalizi ya kuibadilisha maana ya sekunde, kwa matarajio kwamba pendekezo litafikishwa mbele ya mkutano wa mwaka 2030. Kinachosubiriwa ni ulinganishaji: saa zilizojengwa na watu tofauti, katika nchi tofauti, zionyeshwe kuwa zinakubaliana. Mawasiliano ya setilaiti yana kelele nyingi mno kwa kazi hiyo. Saa za strontiamu za Paris na Braunschweig, Ujerumani, ziliunganishwa kwa uzi wa kioo wenye urefu wa kilomita 1,415, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba tofauti yao haikupita 5 × 10⁻¹⁷.

Hata uzi wa kioo haumalizi shida, kwa kuwa mvutano wa dunia huingilia. Kama alivyobainisha Einstein, saa iliyo juu huenda mbio zaidi kuliko iliyo chini, kwa takriban 1.1 × 10⁻¹⁶ kwa kila mita ya mwinuko. Saa ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huitangulia ya Mombasa kwa nanosekunde 16 hivi kila siku, hata kama zote mbili hazina kasoro yoyote. Boulder iko katika mwinuko unaokaribia ule wa Nairobi, na wataalamu wake hulazimika kuusahihisha mwinuko huo kabla ya kuzungumza na Paris. Katika kiwango cha 10⁻¹⁸, sentimita moja ni tofauti inayoonekana. Mwaka 2022 watafiti huko huko Boulder waliripoti kuona tofauti ya mwendo ndani ya wingu moja la atomi lenye kimo cha milimita moja. Maabara mbili zikikosa kukubaliana katika tarakimu ya kumi na nane, haitajulikana kama kosa ni la saa au ni la mpima ardhi aliyesoma vibaya mwinuko wa chumba. Na ardhi yenyewe haitulii: kwa mvuto wa mwezi na jua huinuka na kushuka kwa sentimita kadhaa, mara mbili kwa siku, mahali pengi duniani.